Maji ya Mvua Tu

Wenzangu mliokulia Suna, hapa Migori, wakati gari moja lilitosha mtaa mzima, bila shaka mnaikumbuka pikapu ya baba yangu. Mwanzoni ilikuwa ya rangi ya maziwa, lakini nilipopata akili mlango mmoja ulikuwa wa buluu, boneti ya kijivu, na ubavuni kulikuwa na kutu tuliyoikwangua kwa vidole tukicheza duka. Ilibeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Mbita, ikabeba saruji, ikabeba maharusi, ikabeba na maiti. Tuliitambua kwa mlio ikiwa bado iko kule sokoni, tukakimbia kuipokea kana kwamba baba anatoka ng'ambo, kumbe alitoka Rongo tu na gunia la viazi vitamu.

Siku hizo zilikuwa ndefu, sijui ni kwa nini. Tulienda shule miguu mitupu, na kila Ijumaa tulibeba kinyesi cha ng'ombe cha kukandika sakafu ya darasa. Nikiwasimulia wanangu haya wanauliza kama tulivaa glavu. Tulikula nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja mpaka yakasahau yalikuwa vitu viwili, na tulikula mapera mabichi hadi tumbo likafunga kama mlango wa ofisi Jumapili. Jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa soksi kuukuu. Nyumbani tuliongea Kiswahili, kwa sababu mama ni Mkuria wa kule karibu na mpaka na baba ni Mjaluo wa Rusinga, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Mimi nilikuwa na kazi moja ambayo wenzangu waliionea wivu. Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, niliangalia maji ya rejeta. Baba alinifundisha mapema, wakati bado ilinibidi nipande juu ya bampa ili nifike. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, ingiza kidole. Kidole kikirudi kikavu, jaza. Maji yakiwa ya kahawia, kuna kutu ndani. Bonyeza mipira ya maji. Ukisikia imelegea kama ndizi iliyoiva sana, sema. Angalia mafuta ya injini. Yakifanana na chai ya maziwa, ujue gasketi imekufa na maji yameingia yasipoalikwa. Na kamwe, kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Baba alikuwa na kovu kwenye mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi kifundo, na alinionyesha hilo badala ya kunieleza zaidi.

Halafu kulikuwa na hita. Mnajua joto la kwetu lilivyo. Madereva wengi walikuwa wameikata hita kwenye magari yao, wakaunganisha ile mipira miwili kwa kipande cha chuma, wakasahau. Nani anataka moto Homa Bay? Baba alikataa katakata. Alisema hita ndiyo mdomo wa injini. Injini ikianza kupata joto mlimani, unafungua hita mpaka mwisho, nyinyi mnachemka humo ndani lakini injini inapumua. Na ikipuliza hewa moto, maji yanatembea. "Lakini geji ya joto ikipanda na hita ipulize baridi," aliniambia, "usibishane. Simama. Maji imeacha kutembea." Nilikuwa na umri wa miaka kumi na nilijua hayo yote. Leo kijana akiona taa nyekundu kwenye dashibodi anaipiga picha, anaituma kwa marafiki, anauliza hii ni nini, huku anaendelea kuendesha.

Amri kubwa kuliko zote ilikuwa kuhusu maji yenyewe. Maji ya mvua tu. Mtaani kwetu kulikuwa na kisima cha pampu ya mkono, na maji yake yalikuwa magumu. Sabuni haikutoa povu, na birika la mama lilikuwa na gamba jeupe ndani ambalo lilibanduka likaangukia kwenye chai vipande vipande. Baba alinionyesha birika hilo akasema, "Unaona? Hii ndiyo itaingia kwa rejeta. Itaziba njia zote." Dawa ya rejeta, ile ya kijani, ilikuwa ghali na aliinunua mara chache. Kwa hiyo maji ya mvua, na maji ya mvua yalipatikana kwa mzee mmoja Msabato aliyekuwa na tangi kubwa nyuma ya nyumba yake.

Yule mzee hakuwa mchoyo. Alitoa maji bure. Lakini kabla mtungi haujajaa, ilibidi umkaririe aya ya juma hilo, na ukikosea neno moja unaanza upya, na akiona umeshika vizuri anakupa nyingine. Wakati huo nasikia wenzangu wanacheza kati pale kando ya pampu, wanapiga kelele, wanaitana. Pampu ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye mchezo. Haikuuliza aya. Sikumbuki ni siku gani nilijaza mtungi pale mara ya kwanza. Nakumbuka tu kwamba hakuna kilichotokea, pikapu ikawaka, baba akaenda Mbita akarudi, nami nikajiambia kuwa wazazi hupenda kutisha watoto. Basi nikaendelea, juma baada ya juma, karibu mwaka mzima.

Katika mwaka huo ndipo Dani, mama yake baba, aliletwa Suna kutoka Rusinga akiwa mgonjwa. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu ilivimba. Alikaa kwa baba mdogo, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu, na aliyemtunza ni mke wa baba mdogo. Huyo tulimwita Nyar Rangwe, yaani binti wa Rangwe, jinsi wake wote wa kwetu wanavyoitwa kwa kule walikozaliwa. Alikuwa mwembamba, mwenye kicheko kifupi, na hakuwa amepata mtoto, ila sisi sote alituita nyathina, yaani mwanangu. Alimwogesha Dani, akamkata kucha, akambeba mgongoni kwenda msalani kama anavyobebwa mtoto.

Daktari alikataza chumvi. Nyar Rangwe akafuata alivyoambiwa, na hapo vita vikaanza. Dani alikuwa mtu wa kisiwani, aliyekula samaki maisha yake yote, na samaki bila chumvi kwake yalikuwa matusi. Tulimsikia ng'ambo ya ua akilia kwamba mke wa mwanawe anataka kumzika na njaa ya chumvi. Siku moja, shangazi akiwa amekuja kumwona, Dani alisukuma sahani ikaanguka, akasema mbele ya watu wote: "Siku nikikufa, huyu asiguse sanduku yangu." Shangazi, dada yake mkubwa baba, aliyasikia maneno hayo na kuyahifadhi. Ambacho hakukiona, kwa sababu aliondoka mchana huohuo, ni kwamba kesho yake Dani alikataa uji wa kila mtu mwingine mpaka uletwe na Nyar Rangwe. Mimi nilikuwepo. Niliwaona wamekaa kivulini, Nyar Rangwe anampaka mafuta miguuni, na wote wawili wanamcheka kuku aliyekwama kwenye ndoo.

Dani alikufa mwezi wa Januari, wakati wa jua kali kabisa. Tulimtoa mochari asubuhi ili tufike Rusinga kukiwa bado na mwanga. Sanduku lilikaa nyuma ya pikapu, na pande zote mbili walikaa shangazi, baba mdogo, Nyar Rangwe na akina mama watatu wa kanisani walioimba. Mbele alikuwa baba, mama, na mimi katikati na mitungi miwili ya maji miguuni. Nilipelekwa kwa sababu ya maji. Baba alisema safari ni ndefu na hakuna mtu anayeijua rejeta ile kuliko mimi. Nilijivuna sana, Mungu anisamehe, siku ya msiba nilijivuna. Mitungi yote miwili nilikuwa nimeijaza kwenye pampu.

Tulipopanda milima baada ya Rongo geji ilianza kupanda. Baba akafungua hita mpaka mwisho. Moto ukatupiga usoni, mama akafungua leso kichwani, na sindano ikashuka polepole. Nilimwona baba akilegeza mabega. Tukapita Rodi, tukateremka Homa Bay, tukaona ziwa, akina mama wakaimba kwa sauti zaidi. Njia ya Mbita wakati huo ilikuwa ya murram, vumbi jekundu mtindo mmoja, na ilikuwa na vilima. Kwenye kimojawapo, karibu na kileleni, nikahisi kitu kwenye magoti yangu. Hewa ya hita ilikuwa imegeuka baridi. Nilimtazama baba, naye alikuwa anatazama geji, na geji ilikuwa imegonga mwisho.

Akasimama. Mvuke ukatoka chini ya boneti, ukafunika kioo chote. Nyimbo zikakatika.

Kwetu sisi, gari likisimama na maiti, halisimami hivi hivi. Watu wa rika langu mnajua. Lori likikwama na mzigo wa mahindi, watu hutafuta jeki, lakini likikwama na sanduku hutafuta aliyemkosea marehemu. Wakulima wawili waliokuwa shambani waliacha majembe wakaja kusimama kando ya barabara, wakavua kofia, wala hawakuuliza kama tuna maji. Waliuliza, "Ni nani amekasirisha huyu mama?"

Shangazi hakushuka. Alikaa palepale na mkono juu ya sanduku, akaongea Kiswahili ili mama yangu pia asikie.

"Mama amekataa kwenda," akasema. "Na nyinyi nyote mnajua ni kwa nini. Alisema mwenyewe. Alisema huyu asimguse, na tangu Migori huyu ameshika sanduku."

Nyar Rangwe aliondoa mkono wake haraka sana. Alikuwa amelishika sanduku lisiteleze kwenye mashimo.

"Dada, wacha hiyo maneno," baba akasema. "Hii ni maji tu. Rejeta imechemka."

"Unabeba saruji kila siku na haichemki. Inachemka leo?"

Baba alimpa kisogo. Alizunguka mbele, akasubiri mvuke upungue, akafungua boneti kwa kitambaa. Akagusa rejeta kwa kiganja, huku na huku. Baadaye sana, nilipokuwa na gari langu mwenyewe, ndipo nilipoelewa alichokuwa akitafuta: rejeta iliyoziba huwa na sehemu za baridi, kwa kuwa maji ya moto hayafiki huko. Aligusa upande wa kushoto, akaacha mkono hapo muda mrefu. Kisha akaniita. Nilishuka, watu wote wananitazama.

"Atieno," akasema, "hii maji ulikuwa unatoa wapi?"

Hilo ndilo swali. Nimeulizwa maswali mengi maishani, mahakamani kama shahidi, hospitalini, kanisani siku ya harusi yangu, lakini swali ni hilo moja tu. Sauti yake haikuwa ya ukali. Aliuliza kama mtu anayeomba kitu. Nilijua fika nikisema pampu mambo yataisha pale pale, nitachapwa Rusinga au nisichapwe, na Nyar Rangwe atarudisha mkono wake juu ya sanduku.

"Kwa mzee," nikasema. "Kwa tangi."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba."

Akafunga boneti bila kuipiga. "Basi mimi sijui," akawaambia watu, na kwa neno hilo akawaachia barabara.

Wakamwambia Nyar Rangwe aongee na marehemu. Alipiga magoti juu ya pikapu, mbele ya wakulima wale na wapita njia ambao sasa walikuwa wengi, akaongea na mbao za sanduku. Aliomba msamaha kwa ajili ya chumvi. Aliomba msamaha kwa ajili ya maneno aliyosema na ambayo hakusema, na kwa kutozaa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja. Ilichukua kama nusu saa. Baba mdogo, mumewe, alikuwa amesimama upande wa pili akitazama viatu vyake. Na katika nusu saa hiyo injini ilipoa, kama injini yoyote inavyopoa ikipumzishwa. Baba akamimina maji ya mtungi wangu, akawasha, ikawaka. Akina mama wakapiga vigelegele. Shangazi akanitazama mimi, kwa nini mimi sijui, akatikisa kichwa kwa ushindi.

Hatukumaliza hata kilomita moja. Geji ikapanda tena, tukasimama tena, na safari hii hakuna aliyeuliza neno. Shangazi akasema, "Ashuke." Nyar Rangwe alimtazama mumewe. Alipoona hainui kichwa, alishuka mwenyewe, akavua viatu akavishika mkononi, akasimama pembeni kwenye majani. Tulimimina mtungi wa pili, tukangoja, tukaondoka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akipungua, vumbi likamfunika. Kutoka hapo njia ni mteremko na upepo wa ziwa unapuliza mbele, na mzigo ulikuwa umepungua mtu mmoja, kwa hiyo injini haikupata tabu tena mpaka tulipovuka tuta la barabara linaloingia kisiwani. Hakuna ushahidi ambao ungewashinda watu wale. Hata mimi, niliyejua, kuna dakika niliamini.

Alifika jua likielekea kuzama, kwa miguu, mwekundu wa vumbi mpaka nyusi. Mtu mmoja alimpa maji ya kunywa, na mtu huyo alikuwa mama yangu.

Juma lililofuata baba alipeleka pikapu kwa fundi wa Migori, nami nikaenda naye kwa kuwa sikujua namna ya kukataa. Fundi alifungua rejeta juu na chini. Ndani kulikuwa kweupe. Njia zote za upande wa kushoto zilikuwa zimezibwa na gamba lile lile la birika la mama. Fundi akasema, "Mzee, ulikuwa unaweka maji ya kisima?" Baba alikwangua kwa ukucha, akatazama unga ule mweupe kwenye kidole chake, akanitazama mimi. Nilingoja. Nilitaka anipige, wallahi nilitaka.

"Rejeta imezeeka," akamwambia fundi. "Tafuta ingine."

Hakunipiga wala hakuniuliza. Alinunua dawa ya kijani, na kuanzia siku hiyo alichota maji mwenyewe, kwa mzee, na nadhani alikariri aya. Hakunituma maji tena mpaka alipouza ile pikapu. Kila asubuhi niliamka mapema kwa mazoea, nikamsikia akifungua boneti peke yake, nikabaki nimelala macho wazi. Na hakwenda kwa dada yake kusema alichokiona. Miaka mingi nilidhani alininyamazia kwa upendo, na nilimshukuru. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipohesabu nani alilipia upendo huo, nikashindwa kumshukuru na nikashindwa kumlaumu. Alikufa hivyo, nami nilikaa kando ya kitanda chake siku tatu tukaongea habari za mvua.

Nyar Rangwe alirudi kwao kabla mahindi hayajapandwa. Hakufukuzwa. Watu waliacha tu kula alichopika. Nilimwona akipita mbele ya nyumba yetu na begi moja, akaniaga kwa jina, akanipa kitambaa chake chenye maua ambacho nilikuwa nakisifu. Baba mdogo alioa tena, naye sasa ni marehemu. Shangazi pia ni marehemu, na gari lililombeba lilifika bila shida.

Mwaka huu gari langu lilianza kunywa maji, nikijaza yanapungua. Nikalipeleka kwa fundi hapa Migori, kijana mtanashati mwenye simu mbili, naye hakugusa kitu mpaka kompyuta imwambie. Kompyuta ilipomwambia, akasema, "Madam, ni hita inavuja. Hiyo tutaikata tu. Huku joto iko ya kutosha." Nilimfokea mpaka wateja wengine wakageuka. Nilimwambia hita haikatwi, hita ni mdomo wa injini, alaa, ninyi watoto mmefundishwa na nani? Akaniangalia kwa huruma, jinsi wanavyotuangalia. Halafu nikakaa kwenye tairi kuukuu pale gereji nikalia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo.

Jumapili iliyofuata, hita ikiwa imetengenezwa na si kukatwa, nilienda Rangwe. Sokoni nilielekezwa haraka, kwa sababu kila mtu anamjua mama wa njugu. Binti akirudi kwao haruhusiwi kujenga ndani ya boma la babake, mila ndiyo hiyo, kwa hivyo miaka yote hii amekaa chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Nilimkuta mlangoni akimenya njugu kwenye ungo. Amekuwa mdogo sana. Ilibidi nimtajie jina la baba ndipo anijue, na aliponijua alifurahi, na furaha hiyo ilinichoma. Akaniulizia mama. Akaniulizia kitambaa.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilisema nilichota maji kwenye pampu kwa sababu ya mchezo, rejeta ikaziba, nikaulizwa barabarani nikadanganya. Nilisema baba alijua juma moja baadaye.

Vidole vyake havikuacha kumenya. Ungo ulikaribia kujaa ndipo aliposema.

"Mimi niliongea na mama pale. Nikamwomba msamaha, na gari ikawaka. Kwa hivyo nilijua ni mimi. Wao wakisema, hiyo ni maneno ya watu. Lakini gari iliwaka."

"Ilikuwa imepoa, mama. Ni kupoa tu."

"Kwa hivyo hakunikataa."

"Hakukukataa."

Akapepeta maganda kwenye ungo. Kule ndani ya kinu mashine ilizimwa.

"Ulikuwa mtoto," akasema. Nikaanza kushusha pumzi. "Lakini baadaye ulikuwa mtu mkubwa, Atieno. Miaka mingi."

Aliinuka kwa kushika ukuta, akafunika ungo, akaingia ndani. Nilifikiri ameniaga. Alitoka amevaa gauni la kanisani na sweta, licha ya jua lile.

"Gari yako iko na maji?" akauliza.

Nilifungua boneti akiwa amesimama kando yangu, akachungulia na yeye. Siku hizi kuna chupa nyeupe pembeni yenye alama mbili, unaona maji ya kijani bila kufungua chochote, bila kidole, bila kovu. Akasema nimpeleke Rusinga, anataka kumsalimia mama mkwe wake kaburini. Alisema anasikia baridi, ni uzee, nami nikafungua hita. Ikapuliza moto, mzuri, bila kukatika, nasi tukaenda na vioo vimefungwa, nikitokwa na jasho na machozi bila kujua kipi ni kipi.

Njia ya Mbita sasa ni lami. Gari linateleza, unaweza kupita mahali palipokuvunja maisha bila hata kupunguza gia. Enzi zile gari likichemka sote tulishuka, tukasimama kwenye vumbi, tukatafutana macho, na mtoto mmoja akisema kweli ingetosha. Siku hizi taa inasema yenyewe, na wanangu hawatawahi kuulizwa swali lile mbele ya watu. Nawacheka kwa kutojua kuingiza kidole kwenye rejeta, na moyoni nawaonea wivu.

Tulipokaribia kileleni mwa kile kilima alinyoosha mkono, akaugusa wangu juu ya usukani. Nikaanza kupunguza mwendo, nikidhani anataka kushuka apaone.

"Hapana, nyathina," akasema, macho yake mbele. "Hapa usisimame."